Samaki Wenye Doa Jekundu

Kila nikipita Majengo, kwenye maduka ya pembejeo, harufu ya dawa ya wadudu hunikaba koo, nami huvuka barabara haraka kama mtu aliyeona nyoka. Wanangu hunicheka. Wao sijawahi kuwaeleza vizuri, kwa hiyo acheni niwaeleze ninyi.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Sumbawanga, kijito kilipita chini ya mashamba ya ulezi. Kiangazi, maji yalipobaki madimbwi, wanawake walitwanga majani ya utupa, wakayakoroga humo, samaki wakalewa. Walikuwa samaki wadogo wenye doa jekundu mkiani, watamu ajabu wakikaangwa kwa chumvi tu. Tuliokota wakubwa; wadogo walizinduka baadaye wakaenda zao. Lakini dimbwi la juu kabisa, lenye kivuli na matete, halikuguswa. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyelilinda. "Hao ni wa mwakani," alisema, na mtoto aliyechovya hata kidole alikiona cha moto. Mimi nilimwona bahili kupindukia.

Mwaka wa kipaimara cha dada yangu mvua zilikuwa haba, na madimbwi ya chini yakakauka mapema. Wageni walikuwa njiani. Mjomba Fulgensi, kitinda mimba wa Bibi, mcheshi, mlima nyanya asiyependa kazi ndefu, akaona kutwanga majani kutwa nzima ni kujitesa bure. Asubuhi akaenda dimbwi la juu na chupa ya dawa yake ya nyanya.

Tulimsikia akituita kwa furaha. Tulipofika, maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki, wakubwa kwa wadogo, hata wale wasiozidi ukucha. Tukashangilia! Kisha kaa wakaanza kutoka majini wakijikokota. Vyura wakapanda ukingo, wakalala chali, miguu ikitetemeka. Tukarudi nyuma mmoja mmoja.

Bibi alikuja na ungo wake mkononi.

"Fulgensi, umetia nini humu?"

"Dawa kidogo tu, mama. Watazinduka."

"Hawa hawajalewa, mwanangu. Hawa wamekufa."

Akanigeukia mimi. "Kimbia kwa Mzee Masanja, asinyweshe ng'ombe!"

Mzee Masanja alikuwa jirani yetu Msukuma, aliyehamia na mifugo yake. Nilimkuta tayari anateremsha ng'ombe kuelekea kijitoni. "Shikamoo babu. Bibi anasema maji yana sumu." Alisahau hata kuitikia. Alirudisha kundi juu mbio mbio, kisha akaja na jembe kutusaidia kuchimba shimo. Tulizika samaki matenga kwa matenga. Mjomba alichimba huku akilia, na wageni wa kipaimara walikula maharage. Jioni zilizofuata kijito kilikuwa kimya hadi nikaogopa kupita kando yake.

Mvua zilipokolea, vyura walirudi. Samaki hawakurudi. Kila kiangazi Bibi alibeba ndoo, akaenda kwa miguu kwenye vijito vya mabonde mengine, hata ya mbali upande wa Nkasi, akitafuta samaki wale wa mbegu, aje kuwapandikiza kwetu. Alirudi na ndoo tupu. "Samaki wapo," alisema akivua kandambili, "ila siyo wale." Nilimkasirikia sana. Kwangu samaki alikuwa samaki, si angeleta wowote tukale? Magoti yalipomshinda, Mjomba aliichukua ile ndoo, akaendelea yeye.

Nimekuja kuelewa ukubwani, Bibi akiwa ameshazikwa. Wapo viumbe ambao kwao ni mahali pamoja tu duniani. Kwa wale samaki, naamini, kwao kulikuwa kijito chetu, na mwaka ule wote waliosalia walikuwa katika dimbwi lile moja. Bibi hakuwa bahili hata kidogo. Roho huniuma nikikumbuka nilivyomnunia.

Mjomba sasa ni mzee. Kiangazi kilichopita nilimtembelea, na kabla sijakaa akaniuliza kama huko sokoni mjini nimewahi kuona samaki wadogo wenye doa jekundu mkiani. Nilimjibu kwamba bado sijawaona.

Nilisema "bado". Sikuwa na moyo wa kumwambia vingine.