Maji Yaliyoenguliwa

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile ya ruksa ya biashara huria, tulirudi kijijini kwao Suma na dainamo kuukuu ndani ya gunia. Sitasema uongo: niliinunia dainamo ile njia nzima.

Mama yake alikuwa na bwawa dogo la kumwagilia kabichi wakati wa kiangazi. Mume wangu akashusha bomba kutoka bwawani, maji yakazungusha gurudumu, gurudumu likazungusha dainamo, na umeme wake ukaendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Yakitoka hapo, maji yaliingia kwenye mfereji wa kabichi. Siku mashine ilipoanza kunguruma alicheka peke yake kama mwehu, na kinyongo changu kikaisha. Sikuwa nimemwona akicheka tangu apunguzwe.

Mama mkwe hakucheka. Alichota maji ya mfereji kiganjani, akayaonja, akayatema.

"Haya yameenguliwa," alisema. Alikuwa mfugaji, aliyajua maziwa yaliyokwisha kutolewa krimu. "Moto wote umebaki kwenye mashine. Kabichi zitashiba nini?"

"Mama, maji ni yaleyale."

"Basi tuone. Tuta hili linywe ya bwawani, lile linywe hayo yako. La kwako likidumaa, unang'oa bomba."

Bwawa lilikuwa lake. Akisema basi, ni basi. Mume wangu akawa kila siku analiinamia tuta lake kama anauguza mgonjwa, na chakula hakimpiti.

Asubuhi moja nilikwenda kuchuma mboga, nikamkuta mama mkwe amepiga magoti kwenye tuta la mwanawe. Alikuwa akifukia samadi kwenye kila shina. Tuta lake mwenyewe hakuligusa.

"Mama! Kumbe unayaamini maji yake?"

"Nani ayaamini? Hayana kitu," alinijibu bila aibu. "Ila huyu akishindwa na hapa, ataenda wapi? Nawe funga mdomo."

Nikaufunga. Siku ya kuvuna, kabichi za mume wangu zilizidi za bwawani kwa mbali.

"Ndaga, mwanangu. Umenishinda," mama mkwe alimshukuru, macho amenikazia mimi.

Alifariki bila kuniruhusu kuufungua mdomo huo. Mume wangu bado humsimulia kila mgeni jinsi alivyomshinda mama yake, nami humwongezea chai.