Fundi Winfrida na roka zilizopaswa kupanda Mgeta

Saa mbili asubuhi, Jumatatu, jua limekwisha kuvuka mgongo wa Uluguru, na Winfrida Alois ameinamia injini ya lori kama mtu anayechungulia kisimani. Mkono wa kushoto ameshika kipande cha kioo. Wa kulia ameshika kijiti cha wanja.

Anapaka wanja kwenye ncha ya valvu ya kwanza, taratibu. Kisha anamwashiria Lukasi, dereva wa lori hilo, azungushe injini kwa hendeli. Roka, ule mkono wa chuma ulio juu ya valvu, inashuka, inaibonyeza, inapanda tena. Winfrida anaifungua, anaitazama alama iliyobaki kwenye wanja, anaguna.

"Bado iko pembeni, kaka Lukasi. Turudie."

Wanja ni wa Raya, mama lishe wa jirani, ambaye anasema hajawahi kuona gari likipambwa kabla ya kupelekwa kazini. Mafundi wa gereji za karibu wanacheka. Winfrida hacheki. Lori hili lisipopanda Mgeta, huko milimani, Alhamisi, gereji yake inafungwa, na atakayeifunga ni yeye mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyomwahidi mjomba wake.

Winfrida ana umri wa miaka 38. Kwa miaka kumi na minne alikereza vyuma katika kiwanda kimoja cha umma hapa Morogoro, kazi ambayo kosa la unywele mmoja humfanya mtu aanze upya. Mwaka juzi, 1992, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake zaidi ya mia moja. Kiinua mgongo kilimtosha kununua spana, jeki na mabati kumi. Chini ya mabati hayo ndiko aliko leo. Mwezi mzuri humpatia shilingi elfu thelathini. Mwezi mbaya humpatia ushauri wa bure kutoka kwa kila mpita njia.

Mshauri mkubwa ni mjomba wake, Mzee Gabrieli, mkulima wa kabichi na karoti huko Mgeta. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo Winfrida ana shamba lake la ukoo, na mjomba ndiye msemaji wake. Tangu kiwanda kimwachishe kazi, mzee amekuwa akituma salamu kwa kila gari linaloshuka: mwenye shamba arudi alime, aachane na kunusa petroli za watu.

Sasa lori lenyewe. Ni la petroli, kuukuu, la silinda sita, na wenyewe ni wakulima ishirini na sita wa Mgeta, Mzee Gabrieli akiwa mmoja wao. Walilinunua kwa kuchangishana baada ya biashara kuachiwa huru, wapeleke mboga Dar es Salaam wenyewe badala ya kumsubiri mchuuzi apange bei yake. Roka zake zilikuwa zimelika hadi injini ikapiga kelele kama masufuria harusini.

Miaka ya nyuma lingekufa hivyo hivyo. Lakini siku hizi maduka ya spea yamejaa vitu, na Abeid, mfanyabiashara wa mjini, akamletea Winfrida boksi kutoka Dar. Ndani yake roka kumi na mbili, kila moja ina roli ndogo kwenye ncha, ili badala ya kuisugua valvu ibiringike juu yake. Winfrida alizungusha roli ya kwanza kwa kidole ikazunguka na kuzunguka, na anakiri kwamba nusura apige vigelegele.

Hapo ndipo alipokosea. Mafundi wa mji huu wamelelewa na uhaba. Kwa miaka mingi spea ilikuwa ile uliyoipata, na ufundi ulikuwa kuilazimisha iingie. Ikiingia, imekubali. Winfrida, mtu wa vipimo, alikuwa ameambukizwa tabia hiyo bila kujijua. Akafunga roka mpya juu ya pushrodi za zamani, vile vyuma vyembamba vinavyozisukuma kutoka chini, akaseti tapeti, ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu, injini ikanguruma vizuri, wote wakapeana mikono.

Lori lilivuka Mlali, likaanza mlima, likapiga mlio mmoja mbaya. Pushrodi ilikuwa imepinda. Roka zile zilikuwa na umbo jingine kabisa, lenye kudai pushrodi za urefu mwingine, na roli zilikuwa zikikanyaga ukingo wa valvu badala ya katikati. Huko juu kabichi zilikwisha kukatwa. Mchuuzi akazichukua kwa bei aliyoitaka, na zilizobaki zikaozea kijijini Nyandira, kando ya barabara.

"Niliona aibu mpaka nikashindwa kula," anasema Winfrida. "Kiwandani nisingethubutu. Barabarani nilithubutu kwa sababu kila mtu anathubutu."

Mzee Gabrieli alishuka siku ya pili yake. Winfrida alimpa shikamoo, akamwekea kigoda, na kabla mzee hajaanza akasema lake: apewe safari moja tu. Lori likipanda, aachwe na spana zake. Lisipopanda, atafunga gereji na kurudi kushika jembe. Mzee alikubali haraka mno, na haraka hiyo ilimuuma Winfrida kuliko maneno.

Ndiyo maana leo kuna wanja. Ametoa springi nzito za valvu ya kwanza, akaweka laini, na amechonga pushrodi ya majaribio yenye vipande viwili vya skrubu, ya kurefushwa na kufupishwa. Mzunguko mmoja wa skrubu, wanja mpya, hendeli, kutazama. Mara sita alama inatoka pana na pembeni. Mara ya saba inasogea. Lukasi anatokwa na jasho, Raya ameacha sufuria yake jikoni.

Mara ya tisa Winfrida anaweka kioo, anatazama, anatazama tena. Katikati kabisa ya ncha ya valvu kuna mstari mmoja mwembamba.

"Hapo," anasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, hapo hapo."

Anaongea na lori. Furaha yake inaambukiza. Hata wale mafundi waliokuwa wakicheka wanasogea kuuona mstari. Pushrodi mpya zinatakiwa kuzidi za zamani kwa milimita tatu. Milimita tatu tu, na zilikuwa zimeozesha kabichi za kijiji. Leonard, aliyefanya naye kazi kiwandani, alikereza zote kumi na mbili kwa siku mbili.

Alhamisi Winfrida alipanda kando ya Lukasi, nyuma kukiwa na mbolea na abiria. Walipofika penye mlio wa safari ile, Lukasi alirudisha gia na kukaza mikono kwenye usukani. Injini ilishika mlima, kona kwa kona, bila kubadili sauti. Winfrida anasema alilia kuanzia hapo hadi Nyandira, na hakuona sababu ya kujificha.

Walipofika, Mzee Gabrieli aliomba boneti ifunguliwe, injini ikinguruma. Alisikiliza, mikono nyuma, akauliza kama lori litashuka salama na kabichi. Likashuka, likafika Dar. Mzee alirudi shambani kwake, na kwa siku tatu Winfrida hakujua kama ahadi imeheshimiwa.

Jumapili mzee alimwita Mgeta, baada ya misa akampeleka kwenye shamba lake la ukoo, mahali linapogusa barabara ya malori, kipande pekee cha tambarare katika mteremko wote ule.

"Mwanangu, shamba ni lako," alimwambia. "Si lazima liote kabichi."

Winfrida anapanga kujenga hapo gereji ya pili baada ya masika, ili lori linaloharibika mlimani lisisubiri fundi kutoka mjini. Anahitaji mabati na winchi ya kunyanyulia injini, na angehitaji pia ruhusa ya mzee ya kukata migomba iliyokuwa imesimama pale. Ruhusa hakuiomba. Alipofika Jumapili ile alikuta migomba yote kumi na mmoja imelala chini, na mzee ana utomvu mpaka kwenye viwiko.