Klachi ya Kupandishia Kengele

Siku klachi ilipomtupa mkono Mektrida, alikuwa katikati ya kona ya Kwa Mlay, juu kidogo ya Kibosho, akiwa na mifuko ishirini ya saruji nyuma ya pikapu. Alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gari halikwenda. Lilisimama kwanza, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu, na harufu kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi ikajaa ndani.

Kushoto kwake palikuwa na korongo. Migomba ya watu ilionekana chini kabisa, majani tu. Alivuta breki ya mkono, magurudumu yakajifunga, gari likaendelea kuteleza juu ya udongo mwekundu kama halina habari na breki.

"Kata kulia, Mama Gladness! Kulia!" Alikuwa Shedrack, mpakiaji wake wa miaka mingi, ambaye alisharuka chini na jiwe mkononi.

Akakata kulia. Nyuma ya gari ikaukumba ukingo wa barabara, mifuko miwili ikapasuka, na kila kitu kikatulia. Mektrida alikaa na mikono yake juu ya usukani mpaka Shedrack alipomfungulia mlango. Akashuka. Akakaa chini pale pale kwenye tope na gauni lake safi.

Gari hilo lilikuwa la mumewe, Filemon, na kila mtu Kibosho alijua hivyo. Miaka miwili iliyopita Filemon aling'oa injini ya zamani akaweka ya dizeli ya silinda sita, yenye tabo kubwa ya kuisukumia hewa, kisha akaifungua pampu ili imwage mafuta zaidi. Likiwa tupu liliruka kama mbuzi. Aliongeza nguvu kila mahali, ila klachi aliiacha ile ile ya kwanza. Kabla hajaifikia, kiharusi kilimpiga upande wa kulia, naye akabaki kwenye kiti cha barazani na fimbo yake, mtu ambaye zamani alitambuliwa na kijiji kizima kwa mlio wa gari lake. Mektrida, mwenye miaka arobaini na saba, alichukua funguo. Hakuomba ruhusa ya mtu. Pumba, saruji na nondo zilihitaji kupanda mlima, na watoto walihitaji kula.

Jambo lililomkosesha usingizi baada ya siku ile halikuwa saruji. Ilikuwa kengele. Parokia ilikuwa imeagiza kengele mpya, kilo mia nane, nayo ilikwishafika Moshi mjini ikisubiri kupandishwa. Kabla hajaugua, Filemon alisimama kanisani mbele ya waumini wote akasema, "Kengele hiyo nitaileta mimi." Lori kubwa lisingeweza kukata kona ya Kwa Mlay. Sikukuu ya parokia ilikuwa imebakiza karibu wiki tatu.

"Weka klachi ya vigae," Filemon alimwambia jioni ile. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, lakini maneno ya gari yalimtoka yote. "Zile za magari ya mashindano. Ikishika, imeshika. Haitelezi hata ubebe nyumba."

"Nitamsikiliza na fundi."

"Fundi! Gari la nani?"

Mektrida aliondoa sahani akaenda jikoni.

Kesho yake gari lilivutwa hadi Majengo, Moshi mjini, kwenye gereji ya Mzee Aminieli, fundi aliyekuwa akitengeneza klachi tangu Mektrida hajaolewa.

"Shikamoo, Mzee Aminieli."

"Marahaba, mama. Kumbe ndiwe uliyenusurika Kwa Mlay! Habari zilifika kabla yako."

Alishusha gia boksi, akatoa sahani ya klachi, akamwekea mkononi. Ilikuwa imeungua, nyeusi, inang'aa kama kioo. "Hii haikuharibika kwa uzembe wako," alisema. "Injini ya mumeo inasukuma karibu mara mbili ya kile ambacho hii iliumbwa kukishika. Ni kama umempa mtoto wa darasa la pili ashike ng'ombe dume kwa kamba."

Akatandika gunia, akaweka klachi mbili juu yake. Ya kwanza ilikuwa ile ya Filemon: badala ya utando laini kuzunguka sahani nzima, ilikuwa na vipande sita vigumu, kama vigae. Ya pili ilionekana ya kawaida kabisa, ila sahani yake ilikuwa pana zaidi, na ile presha pleti inayoikandamiza ilikuwa na springi nene, kali.

"Ipi itaibeba kengele?" Mektrida aliuliza.

"Zote mbili zitaibeba. Jiulize unataka gari liondokeje."

Hakuelewa, naye akasema hivyo. Mzee Aminieli hakubishana. Nje palikuwa na pikapu la mteja mwingine lenye klachi ya vigae, likisubiri kujaribiwa. Wakapanda nalo barabara ya juu mpaka walipopata kilima kilicholowa. "Simama hapa katikati. Sasa ondoka."

Mektrida aliachia klachi polepole kama alivyozoea. Hakuna kilichotokea, hakuna, hakuna, kisha ghafla gari likaruka mbele, kichwa chake kikagonga kiti, na magurudumu ya nyuma yakazunguka bure yakirusha matope. Akajaribu tena, polepole zaidi. Likaruka tena, safari hii mkia ukapinda pembeni. Akilini aliiona kona ya Kwa Mlay, na kengele ikipiga ubao wa nyuma, na majani ya migomba kule chini.

"Haina katikati," alisema.

"Haina. Inashika au haishiki. Kwenye lami, mzigo ukiwa wa kawaida, utaipenda. Kwenye tope, gari la kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na nguvu ile..." Mzee alitikisa kichwa. "Tena isipoteleza yenyewe, kishindo chote kinakwenda kwenye gia boksi. Kitu kitavunjika tu, na utakuwa hujui lini."

"Na hii nyingine?"

"Itakuruhusu uipime kwa mguu. Ila pedali itakuwa nzito. Goti lako la kushoto litakuchukia. Na lazima utembee kilomita mia nane bila mzigo ili ikae sawa. Ukiibebesha kabla haijakaa, utaiunguza wiki ya kwanza, nami nisilaumiwe."

Kilomita mia nane. Siku zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Mektrida alimpigia simu mumewe akiwa amesimama kati ya magurudumu na makopo ya oili.

"Vigae," Filemon alisema kabla hajamaliza kueleza. "Nimeshasema."

"Nimeijaribu, Baba Gladness. Inaruka. Pale kwenye kona siwezi..."

"Huwezi wewe. Mimi ningeweza."

Mektrida alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka ishirini na minne, na alijua kwamba neno atakalosema sasa halitarudi.

"Inawezekana ungeweza," alisema. "Lakini anayekanyaga ni mimi."

Simu ikakatwa. Alimgeukia fundi, akaonyesha kwa kidole ile yenye springi nene. "Funga hii. Na lile gurudumu la chuma inalokandamiziwa, flaiwili, ukalichonge upya kabisa, sitaki ifungwe kwenye uso ulioungua."

Wiki zilizofuata watu walimwona Mektrida akipita na gari tupu wakadhani amechanganyikiwa. Asubuhi alishuka hadi Kwa Sadala na kurudi. Mchana alikwenda Himo. Wateja wa pumba walimpungia mikono kando ya barabara, naye akawapita, moyo ukimuuma, kwa sababu baadhi yao hawakurudi tena kwake. Goti lilivimba. Alilikanda kwa maji ya moto kila jioni, na Filemon alikula chakula chake akiwa ameipa migomba uso na yeye mgongo. Ndani ya nyumba hiyo hapakusemwa ila "karibu chai" na "asante".

Ijumaa kabla ya sikukuu kilomita zilifika mia nane na kumi na mbili. Jumamosi ikaamka na mvua.

Paroko alipiga simu mara mbili. "Mama, tuahirishe?"

"Padre, nikiahirisha leo nitaogopa zaidi kesho."

Alipotoka nje alimkuta Filemon ameegemea mlango wa gari, koti limefungwa hadi shingoni. "Nakwenda," alisema. Mektrida alimsaidia kupanda.

Mjini waliipakia kengele kwa mnyororo, Shedrack akaifunga kamba pande nne, akaikalia karibu kama mtu anayelinda mgonjwa. Gari lilipanda vizuri mpaka mwisho wa lami. Kwenye udongo, Mektrida aliingiza gia ya kwanza. Kona ya Kwa Mlay ilikuwa inatiririka maji mekundu. Alikuwa amepanga kuipita bila kusimama, mwendo mmoja, pumzi moja.

Walipokata kona wakamkuta mwendesha bodaboda ameanguka katikati ya njia, pikipiki juu ya mguu wake, madumu ya maziwa yamepasuka na maziwa yanateremka kuelekea kwao.

Mektrida akasimama. Ilikuwa karibu mahali pale pale. Breki ya mkono ilishika, gari likateleza shubiri moja, likatulia. Shedrack aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akakimbia kumnyanyua yule mtu. Mguu haukuvunjika, ila kumsogeza yeye na pikipiki yake kulichukua muda, na kila dakika Mektrida alisikia kamba zikilia nyuma.

Njia ikawa wazi.

"Sasa kanyaga," Filemon alisema, jasho likimtoka. "Kanyaga yote!"

Hakukanyaga yote. Aliongeza mafuta kidogo, akaanza kuinua mguu wa kushoto, unywele kwa unywele. Goti lilitetemeka kiasi kwamba alilishika kwa mkono. Sauti ya injini ikashuka, ikawa nzito, gari likajikaza. Gurudumu moja likateleza. Filemon akavuta pumzi. Mektrida akarudisha pedali kiasi cha ukucha, gurudumu likashika tena, akaachia breki ya mkono.

Gari likaenda. Halikuruka. Lilitambaa kama ng'ombe anayetoka zizini, mlio wa injini na mwendo vikapanda pamoja, na kona ikabaki nyuma. Hakusimama mpaka uwanja wa kanisa.

Filemon alishusha kioo, akatoa kichwa kwenye mvua, akanusa. Akanusa tena.

"Haijaungua," alisema. Basi.

Kesho yake, kwenye misa ya sikukuu, kabla ya baraka ya mwisho, paroko aliwashukuru waliofanikisha kazi ile. "Na tumshukuru ndugu yetu Filemon," alisema, "aliyetimiza ahadi yake ya kutuletea kengele." Watu wakapiga makofi.

Filemon alijikokota na fimbo yake mpaka akasimama. Ilichukua muda, na makofi yakafifia watu wakimsubiri.

"Padre," alisema, na ulimi ulimsumbua ikabidi aanze upya. "Padre, mimi nilikuwa abiria. Tena abiria mkorofi. Aliyeileta ni huyu."

Akaketi. Kanisa zima likamgeukia Mektrida. Alitazama chini, kwenye goti lake lililovimba chini ya kitenge, na hakuweza kuinua uso mpaka wimbo wa kutoka ulipoanza.