Ndani Sina Ruhusa

Saa moja na nusu asubuhi, lori la kwanza linashuka kuelekea Port Bell na kuacha vumbi jekundu kwenye baraza la duka lenye mlango wa bluu, chini ya kilima cha Mbuya. Sitti Maimunah anafagia. Ameinama, mkono mmoja mgongoni, na ufagio wa vijiti unakwenda taratibu kutoka nguzo ya kwanza hadi ya tatu, unakwangua hata vipande vya uzi vilivyonasa kwenye nyufa za saruji.

Anafika kwenye kizingiti. Jani kavu limejipenyeza nusu chini ya mlango. Ufagio unageuka, jani linabaki pale pale.

"Hilo limeshaingia ndani," anasema. "Barazani nina ruhusa. Ndani sina."

Mama Sitti, kama wanavyomwita majirani, ana miaka hamsini na mbili. Ni fundi cherehani, mjukuu wa askari wa Kinubi aliyeletwa nchi hii na Waingereza. Pia ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Kiislamu ya Chini ya Mbuya, yenye wanachama sitini na watatu, sufuria kubwa mbili za karamu, jeneza moja la kubebea maiti, na muhuri mmoja wa mpira wenye kishikio cha mbao.

Muhuri huo unalala kwenye droo ya cherehani yake, pamoja na sindano na kipande cha sabuni cha kuchorea vitambaa. Kwa sababu yake, mwaka 1973, mama huyu nusura achukuliwe na gari la serikali.

Kwa miaka kumi na tisa alishona kwenye baraza hilo. Duka lilikuwa la Bwana Vithal, Mhindi muuza vitambaa, mtu mfupi mwenye kikohozi. Wateja walinunua kitambaa ndani, wakatoka nje kupimwa. Siku njema Mama Sitti alirudi nyumbani Naguru na shilingi kumi na mbili.

Kisha Waasia wakaamriwa waondoke nchini katika siku tisini. Asubuhi ya mwisho Bwana Vithal alitoka na sanduku moja na mtungi wa achari ambao mkewe alikataa kuuacha.

"Nikamuuliza, 'Bwana, na mimi je? Nihame?'" anasimulia, akipitisha uzi kwenye sindano bila miwani. "Akaniambia, 'Baraza ni lako mpaka nirudi.' Baraza, basi. Kuhusu ndani hakusema kitu. Nami sikumuuliza, alikuwa analia."

Siku hizo watu waligawiwa maduka ya walioondoka kama peremende. Waliopata tuliwaita mafuta mingi, na kweli mashavu yao yalianza kung'aa. Jumuiya nayo ikakumbukwa. Aliyeikumbusha serikali ni Luteni Taban, mtoto wa marehemu dada yake Mama Sitti. Mama Sitti ndiye aliyemlea tangu ana wiki mbili.

Habari ilipofika, wazee walishangilia. Watoto arobaini wa madrasa walikuwa wanasoma chini ya turubai bovu, na mvua ikinyesha mbao zao za kuandikia zilifutika kabla hawajasoma. Sasa wangepata duka zima, lenye sakafu na taa.

Mama Sitti peke yake hakushangilia. Baadaye akamwendea Mzee Abudu, katibu wa jumuiya, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meli zinazobeba mabehewa ya reli pale Port Bell.

"Abudu, tutaswali ndani ya nyumba ya mtu bila yeye kujua?"

"Sheikh amesema swala inasihi."

"Na dhambi?"

Mzee Abudu alijikuna kidevu. "Dhambi amesema ipo."

"Basi mimi dhambi ya kuletewa hadi nyumbani kwa gari la serikali siitaki. Nilizonazo zinanitosha."

Siku ya makabidhiano ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Wazee walikuja na kanzu zilizopigwa pasi. Mzee Abudu alikwishaingia ndani na kutandika mikeka kwa ajili ya alasiri. Gari likasimama. Akashuka Taban, buti zinang'aa, na nyuma yake bwana mmoja wa kamati ya ugawaji, suti ya kijivu, kalamu tatu mfukoni. Mama Sitti alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare ya shule. Hakuinuka.

"Nyabo, wewe ndiye mwenyekiti?" bwana yule akauliza, kwa neno la Kiganda la kumwita bibi, akiweka fomu juu ya meza ya cherehani. "Gonga muhuri hapa."

"Sigongi."

"Hujui kusoma?"

"Nilifika darasa la nne. Inatosha kusoma jina la mwenye nyumba. Lile pale, juu ya mlango."

Watu wakainua macho. Jina la Vithal lilikuwa limekwanguliwa nusu tu.

"Huyo amekwenda!"

"Amekwenda, hajafa. Wala hakuniuzia."

"Mama, yule Mhindi hata si Mwislamu!"

"Mimi nilisema ni Mwislamu? Nilisema ni mwenyewe."

Akullo, mke wa polisi, mtu wa kabila la Lango kutoka Lira anayeuza chai na mandazi upande wa pili wa barabara, anakumbuka kwamba alicheka kwa sauti kisha akajiziba mdomo kwa kitambaa cha birika. "Niliogopa, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka," anasema.

Taban hakucheka. Aliinama mpaka kofia ikamgusa Mama Sitti begani. "Kalti," akanong'ona, neno la Kinubi la kumwita mama mdogo, "usinivue nguo mbele ya watu. Mimi ndiye niliyeomba nyumba hii. Ukikataa, wataniuliza mimi."

"Nguo zako zote nimekushonea mimi, Taban, isipokuwa hizo. Waambie kalti wako ana kichwa kigumu. Wataamini."

Hapo bwana wa kamati akapoteza subira. Akagonga meza kwa kidole. "Unajua gari langu linaweza kukupeleka wapi?"

Mwaka ule hakuna aliyehitaji kufafanuliwa swali hilo. Mama Sitti aliondoa mguu kwenye kanyagio, akanyoosha mkono kwenye waya uliofungwa kati ya nguzo mbili. Mashati saba yalining'inia pale, yamepigwa pasi, kila moja lina karatasi yenye jina.

"Najua," akasema. "Wenye mashati haya walipanda magari kama hilo. Hawajarudi kuyachukua. Wakija watayakuta, sijauza hata kifungo. Sasa wewe unataka nikugongee muhuri juu ya nyumba ya mtu?"

Bwana yule alifungua mdomo. Kabla hajasema, mlango wa bluu ulilia. Mzee Abudu akatoka, mikeka yote kwapani, viatu mkononi. Hakumwangalia mtu. Akatandika mkeka wa kwanza barazani, akaupapasa kunyoosha pembe, akatandika wa pili.

"Alasiri imeingia," akasema. "Tutaswali hapa. Tujibane."

Walijibana kweli. Waliokosa nafasi walisimama barabarani kwenye vumbi. Walipotoa salamu, gari lilikuwa limeondoka na fomu isiyo na muhuri.

Gharama haikuchelewa. Mama Sitti aliitwa kituoni mara tatu. Kila mara alikwenda na kitambaa cha kupinda, akakaa kwenye benchi anashona. Mara ya tatu alifungiwa siku mbili. Alirudi na gauni lote limekwisha, pindo safi, isipokuwa mahali pamoja ambapo taa ilizimika.

Duka lilipewa mtu mwingine. Aliuza vitambaa vyote, kisha rafu, kisha hata taa, akafunga mlango akaenda zake. Kwa miaka miwili sasa hakuna aliyeufungua. Uzi umekuwa adimu, Mama Sitti anachomoa nyuzi kwenye magunia ya unga wa ngano, na siku ikiwa njema anapata shilingi nne. Sabuni ya kufulia peke yake inazimeza.

Taban alihamishiwa mbali, Moroto. Mwaka mzima hakuandika. Kisha Machi iliyopita akatokea barazani kwa miguu, bila kofia, amepungua. Akasema amekuja kushonewa kifungo. Mama Sitti alikishona, akakata uzi kwa meno.

Jumuiya haikukaa na mikono mapajani. Mzee Abudu ametoa kipande cha shamba lake la mihogo Naguru. Kila mwanachama alifyatua matofali mia, na Akullo naye akafyatua mia zake, akiwaambia wazee wasimwulize maswali, wanawe watajifunza kusoma popote penye paa. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Yanahitajika mabati ishirini na manne tu.

Wiki jana Taban alileta kumi kwa gari la kukodi. Mama Sitti aliyagonga kwa kidole moja moja, akasikiliza.

"Mazuri. Ya nani?"

"Kalti, ni mabati tu."

"Ya nani, Taban?"

Kijana wa miaka thelathini na moja alitazama barabara, akatazama dereva. Mabati yalirudi kwenye gari.

"Aliondoka amekasirika," anasema Mama Sitti, akirudisha mguu kwenye kanyagio. "Lakini leo asubuhi amemtuma mtu kuniuliza bati moja dukani ni bei gani."

Anatabasamu kidogo, cherehani inaanza kulia. Siku ya kuezeka, anasema, atatoa muhuri kwenye droo na kuugonga kwenye karatasi ya shamba, mbele ya watu wote. Taban amekwisha kualikwa.

"Aje na bati moja, kama ndilo analoweza kuniambia ni lake. Nitamtengea kiti ndani."

Upepo unavuma. Lile jani lililo chini ya mlango linatikisika, halitoki. Mashati saba yanapepea kwenye waya, na fundi anainuka kuyageuza ili jua lisiyachubue upande mmoja.