Jumamosi ya Although na But

Wakati huo nilikuwa nauza vitenge Bwera, mji wa mpakani, na kila Jumamosi nilisafiri hadi Kasese kujifunza Kiingereza katika ukumbi wa kanisa. Tulikuwa watu wazima watupu: wauza samaki wa Kahendero, wakulima, na sisi Waislamu wachache wa biashara ya mpakani. Siku hiyo mwalimu wetu, mama mstaafu mwenye sauti kali, alifundisha viunganishi.

"Kwa Kiswahili mnasema ingawa, halafu mnatia lakini," alituambia. "Kiingereza hakitaki. Ukishasema although, but iache nyumbani."

Darasani alikuwemo dereva aliyebeba chumvi ya Katwe kuileta Bwera. Wiki iliyotangulia alikuja kwenye meza yangu sokoni, akashikashika kitenge asichokitaka, akasema, "Dada, mi iko natafuta bibi. Weye unasema nini?"

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nifikiri nini? Moyoni nilishakubali, ila ulimi uligoma.

Sasa mwalimu akamwinua atunge sentensi. Akakohoa. "Although I have a lorry, but I am alone." Ana lori, lakini yuko peke yake.

"Umeweka viwili," mwalimu akasema. "Toa kimoja."

"Nitoe gani, madamu? Lori?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alishika ubao asianguke. Alipopata pumzi, akamwambia ajaribu because. Jamaa hakusita: "I am alone because she is still thinking." Yuko peke yake kwa sababu mwanamke bado anafikiri.

Nani huyo anayefikiri? Vichwa vikageuka kumtafuta, nami nikafunika uso kwa mtandio. Basi, wote wakajua.

"Wewe, simama," mwalimu akaniita, macho yakimng'aa. "Tupe if."

Nikasimama, kicheko kimenibana kifuani. "If you go to my father in Maliba," nikasema, "I will say yes." Akienda kwa baba yangu Maliba, nitakubali. Madawati yalipigwa kama ngoma za harusi.

Akaja kweli, Jumapili iliyofuata, wajomba zake wamejaa nyuma ya lori. Likakwama kwenye matope chini ya kilima chetu. Nikiwa jikoni nilimwona akipanda kwa miguu, kanzu ameikunja hadi magotini, viatu mkononi. Shangazi zangu walishuka kusukuma lori huku wakipiga vigelegele, hata posa haijatajwa.

Baba akauliza, "Huyu wa matope ndiye nani?"

Nilitaka kumjibu. Nikacheka mpaka nikakaa chini, juu ya kuni.