Mbwa Wetu Askari na Leso ya Mama

Harufu ya sikio bovu la mbwa naijua hata nikiwa nimefumba macho. Ni chachu kidogo, tamu kidogo, kama maziwa yaliyosahauliwa ndani ya kibuyu. Ikinifikia puani narudi moja kwa moja nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande wa barabara ya kwenda Kipsing, wakati serikali ya kaunti ilikuwa bado ngeni na wazee bado wakiuliza DC, mkuu wao wa wilaya, amepelekwa wapi. Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa na mbwa. Acha niseme vizuri: mbwa alikuwa wa Baba, alikuwa wa mbuzi, alikuwa wa boma zima, lakini moyoni mwangu alikuwa wangu peke yangu. Tulimwita Askari kwa sababu ya kazi yake. Rangi yake ilikuwa ya vumbi, na masikio yake makubwa yalilala chini kama majani ya mgomba, ilhali mbwa wote wa majirani zetu wana masikio ya kusimama. Mama alikuwa akisema babu yake Askari lazima alikuwa mzungu.

Mwaka huo masikio hayo yalimgeuka. Alianza kwa kutikisa kichwa, pata pata pata, kutwa nzima. Halafu akawa anajikuna hadi damu, anatembea kichwa kimeinama upande mmoja, na ukimgusa shavuni analia kama mtoto. Yalikuwa yakipona kidogo, tukashangilia, kisha yanaoza upya. Mwishowe akaacha kusikia. Baba alipiga mluzi wake, ule wa kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya laga, mto wetu wa mchanga usio na maji, na Askari akabaki amelala hata mkia hautingishiki. Baba hakuwa mtu mkatili, nawaambia, lakini alikuwa mfugaji, na fisi wa kwetu hawana huruma. "Mbwa asiyesikia ni mdomo wa kulisha tu," alisema. Kiangazi kilikuwa kinakaza na alikuwa amepanga kuhamisha mbuzi kuelekea malisho ya Kipsing. Kama kufikia siku ya kuhama Askari hatakuwa amepona, atapelekwa laga. Sisi watoto tulijua mbwa aliyepelekwa laga harudi. Sikuweza hata kulia mbele ya Baba.

Dawa zilijaribiwa, mama yangu! Samli ya moto, maji ya tumbaku, hata mafuta machafu ya injini. Kila mpita njia alikuwa daktari. Jirani yetu Mama Halima, Mborana aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, alikuwa akisimama mbali upande wa ua na kumwita Mama kwa jina langu: "Mama Akiru, shika huyo mbwa wako! Akijitikisa matone yake yanifikie, nguo yangu ya swala imekwisha!" Kisha, pamoja na makelele hayo yote, alirusha juu ya ua vitambaa safi vya pamba alivyovichana kutoka kwa shuka lake kuukuu, ili Mama apate cha kumpangusia. Mzee mmoja rafiki yake Baba alishauri masikio yakatwe yote mawili, mambo yaishe. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akijiona amemaliza kesi. Mama hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo wake. "Hili halijafa," alijibu. "Hili linanuka tu."

Kisha daktari wa mifugo wa kaunti akaja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Mama alimkokota Askari kwa kamba hadi kwenye foleni, na mimi nyuma nikimsukuma matakoni. Daktari huyo, kijana mpole mwenye buti zilizojaa vumbi, alimwinamia kama anayemwamkia mtu mzima. Alimulika tochi ndani ya sikio, akanusa, akasema shukuru Mungu ngoma ya sikio haijatoboka. Akatupa dawa ya matone na kutuonyesha: pangusa taratibu kwa kitambaa ulichozungushia kidole, usiingize kijiti hata kidogo, tia matone, kisha sugua chini ya sikio mpaka usikie chwa, chwa, chwa, mwachie ajitikise. Na dawa imalizwe yote, hata kama harufu imeondoka. Halafu akauliza swali lililotuchekesha: "Huyu mbwa huwa anaoga wapi?" Aoge wapi, Isiolo, kiangazi, watu wenyewe wamepanga mitungi bombani tangu alfajiri? Lakini yeye hakucheka. Alisema masikio ya kulala hayapati hewa, na kuna maji yanayoingia humo. Tusipoyajua maji hayo, dawa itaponya leo na ugonjwa utarudi kesho.

Mama alilibeba swali hilo nyumbani kama kuni mgongoni. Alimtibu Askari kila asubuhi na jioni, amemketisha katikati ya magoti yake, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kiturkana, nami nikimshika mbwa mdomo. Na macho yake yakawa yanamfuata mbwa kila aendako. Masikio yakakauka, harufu ikaondoka, Askari akaanza kugeuka tukiita. Nilirukaruka kwa furaha. Kisha ikafika siku ya kupiga mbuzi dawa ya kupe.

Hiyo ilikuwa siku ya Baba. Alibeba pampu mgongoni, kofia imekaa upande, na wafugaji jirani walikuja kumtazama, maana hakuna aliyejua kupiga dawa kama yeye. Kwetu kila mtu anajua kupe hujificha masikioni, kwa hiyo Baba alimwinua kila mbuzi sikio na kulipulizia vizuri. Alipomaliza mbuzi alimwita Askari, ambaye siku zote alikuja mwenyewe, akaketi, akafumba macho. Na Baba, kwa mapenzi kabisa, kila mara alikuwa akiinua yale masikio makubwa na kuyajaza dawa hadi ndani, kuliko alivyofanya kwa mbuzi yeyote. Siku hiyo, kabla Baba hajainua sikio, nilimwona Mama amesimama mlangoni, mwiko mkononi, mdomo wazi. Maji tuliyoyatafuta yalikuwa mgongoni mwa mume wake.

Mama angeweza kupiga kelele. Lakini mambo ya pampu yalikuwa ya Baba, na wanaume walikuwa wamejaa uwanjani. Aliingia ndani, akatoka na leso yake nzuri, ile ya kikundi cha akina mama wa kanisa ambayo hata mimi nilikatazwa kuigusa. Akatembea katikati ya mbuzi na wanaume, akamfunga Askari kichwani, masikio yote ndani, fundo chini ya kidevu. Kisha akarudi jikoni. Askari aliketi pale kama mwanamke anayesubiri ibada ianze. Wanaume walicheka hadi kushika mbavu. Baba alisimama na pampu yake, akamtazama mbwa, akatazama mlango wa jikoni, akamtazama mbwa tena. Kisha akampulizia mgongo na miguu, masikio akayaruka. Kupe wa masikioni Mama aliwatoa kwa mkono jioni, mmoja mmoja.

Siku ya kuhama ilipowadia, Baba alienda mbali, ng'ambo ya laga, nami nikamshika Askari kwa shingo. Mluzi ulikuja mwembamba mno, hata mimi sikuwa na hakika nimeusikia. Askari alichomoka mikononi mwangu. Akaenda Kipsing na mbuzi, mbele kabisa ya kundi.

Leo nafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo mjini. Rafu zimejaa chupa ambazo Mama hakuziota, na wateja huniambia dawa ya masikio waliyonunua haifanyi kazi. Mimi huwauliza kwanza mbuzi wao hupigwa dawa siku gani. Wengine huona jibu wenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga inataka mtu wa kuketi na kutazama, na mtu wa namna hiyo hauzwi dukani kwangu.

Juzi nilienda nyumbani siku ya pampu. Askari alishakufa kwa uzee, na sasa yupo mwanawe, amerithi masikio yale yale. Nilimkuta Baba, mvi kichwa kizima, amepiga magoti vumbini mbele ya majirani, akimfunga mbwa leso. Kijana mmoja akamtania: "Mzee, hata mbwa wako ameokoka?" Sikuwahi kumsikia Baba akizungumzia jambo lile, hata mara moja. Alikaza fundo, akaelekeza kidole jikoni aliko Mama, na kusema kwa sauti ya kutosha kufika ndani: "Muulize yule. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyaozesha masikio ya baba yake huyu, na hakuniaibisha."

Jikoni, kelele za sufuria zikanyamaza.