Ngozi Isiyohisi Moto

Daktari alisema nitasikia kubanwa kidogo. Alilisema hilo huku akivua glovu, kwa sauti ya mtu anayekwambia leo huenda mvua ikanyesha, nami nikamwamini. Nilikuwa nimelala kifua wazi mbele yake, na mtu akiwa katika hali hiyo huamini mengi.

Kubanwa kidogo! Jioni ile nilikaa kwenye kochi letu, nyumbani Mjambere, nikawa siwezi kucheka wala kukohoa. Chafya ilinijia nikaizuia kwa vidole viwili, machozi yakanitoka. Mume wangu anafanya kazi kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, na nilipomweleza nilimwambia hivi: ni kama mtu amenifunga kifuani ule mkanda wenu wa kukazia mizigo kwenye lori, akaukaza mpaka mwisho, kisha akaenda zake kunywa chai.

Naeleza kwa wasiojua, maana hata mimi sikuwa najua. Ziwa langu la kulia lilikuwa limekatwa kwa sababu ya saratani. Wakati wa upasuaji huo huo daktari aliniwekea mfuko wa mpira chini ya msuli wa kifua, mfuko mtupu, bapa. Kila baada ya wiki mbili tatu nilivuka daraja kwenda kliniki kisiwani, nesi akatafuta kwa kisumaku kidogo mahali pa kuchoma, na daktari akanichoma sindano ya kutia maji ya chumvi ndani ya mfuko. Mfuko ulijaa kidogo kidogo, ngozi na msuli vikavutika. Ukishafika kiasi kinachotakiwa hutolewa, na pahali pake hutiwa ziwa la silikoni la kudumu. Hayo yote niliyaeleza mara nyingi mno kwa watu ambao sikuwa na deni lolote la kuwaeleza.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeanza. Tunasomesha pamoja shule ya msingi upande wa Kiembeni, na nilipita ofisini kuchukua vitabu nikiwa bado likizoni. Aliniangalia kifuani, akaangalia pembeni, akaangalia tena.

"Mwalimu, na umri huu, ziwa la nini tena?" akasema. "Umeshazaa, umeshanyonyesha, watoto wamekuwa wakubwa. Si ungeshukuru tu Mungu uko hai?"

"Meno yako ya mbele yakitoka leo," nikamwambia, "nikwambie umeshakula ya kutosha?"

Nilibeba vitabu vyangu kwa mkono wa kushoto nikatoka, kifua kinanivuta kila nilipopumua.

Mume wangu naye alikuwa na namna yake ya kunikasirisha, na yake ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa ya upole. Kila aliponiona nimekunja uso alinijia na kuniambia, "Mke wangu, mimi sina haja nalo hilo. Wallahi nakupenda hivyo hivyo ulivyo. Waambie wautoe huo mfuko, upumzike." Siku za mwanzo nilinyamaza. Siku moja nikashindwa.

"Sikukuuliza kama una haja nalo," nilimwambia. "Lilikuwa langu. Limeondolewa, nami nataka kitu pahali pake. Ni hayo tu. Haikuhusu kabisa."

Alitoka nje akakaa barazani. Nilijua nimemuumiza, na bado sikutaka kumfuata.

Kwa hakika mwili wangu ulikuwa umenigeuka katika mambo madogo madogo yasiyohesabika. Leso sikuweza kuifunga chini ya kwapa. Gauni la kuvaliwa kichwani lilikuwa adui, nikavaa yale ya vifungo vya mbele peke yake, na abaya yangu ya siku zote nikaipeleka kwa fundi aikate mbele na kuitia vifungo. Kwenye swala sikuweza kuinua mkono wa kulia kwa takbira, na sijda ilikuwa haiwezekani. Kifua kilining'inia kama jiwe lililofungwa kwa ndani. Nikaswali kwa kiti, mimi ambaye sijafika hamsini. Kulala ilikuwa chali tu, mito miwili nyuma na mto mdogo chini ya kwapa. Hila ya mto mdogo nilifundishwa na nesi. Yeye pia ndiye aliyeniambia nimeze dawa ya maumivu kabla sijatoka nyumbani kwenda kutiwa maji, nisingojee mpaka maumivu yaanze. Aliniambia hayo kwa sauti ya chini, kama anayevujisha siri ya serikali. Daktari mwenyewe hakuwahi kuyataja.

Ndipo akaja shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akavuka feri kutoka Likoni na kikapu chake. Shangazi ndiye anayekanda wanawake wote wa ukoo wetu. Mwanamke akishajifungua, shangazi huingia chumbani na maji ya moto, vitambaa na mafuta, na hatoki mpaka mwili uliokuwa umelegea umerudi mahali pake. Mimi mwenyewe alinikanda kwa watoto wangu wote. Nikimwamini mtu kwa mwili wangu ni yeye.

Alinitazama ninavyojaribu kushika kikombe kilichokuwa juu ya kabati, mkono ukaishia njiani.

"Mwanangu, na hao madaktari wanakutazama tu?" akauliza.

"Wanasema nitazoea, shangazi."

"Aka! Watazoea wao. Vua nguo, kaa hapa."

Akawasha jiko la makaa, akakaanga chumvi ya mawe, akaifunga ndani ya kitambaa. Akaanza begani. Moto ule uliniingia mpaka mfupani, na bega lililokuwa gumu kwa wiki nyingi likaanza kulegea. Nilifumba macho, nikashusha pumzi kwa raha. Akateremka kifuani, pale palipokuwa panabana zaidi, juu ya mfuko, akawa anakandamiza na kuachia, anakandamiza na kuachia.

"Ni moto sana?"

"Wala, shangazi. Hapo hata siusikii."

"Niongeze?"

"Ongeza."

Akakirudisha kitambaa jikoni, akakileta tena, akakiweka na kukiacha pale. Tukawa tunazungumza habari za harusi ya mtoto wa binamu yangu. Kisha akakiinua, na katikati ya neno akanyamaza. Niliuona uso wake kabla sijakiona kifua changu.

Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu, na kando ya kovu malengelenge yalikuwa yanainuka moja baada ya jingine mbele ya macho yetu. Nilikuwa nayatazama, na sihisi kitu. Sikuhisi hata mwasho. Hilo ndilo lililonitisha kuliko chochote, kwamba naungua na mwili wangu haunipi habari.

"Nimekuunguza," shangazi akasema. "Nimekuunguza kwa mikono yangu hii." Akakaa sakafuni akaanza kulia kwa sauti, mwanamke aliyewazika mume na kaka zake bila mtu kuona chozi lake. Nami nikajikuta nimeshuka kwenye kiti, kifua kimeungua, nampapasa mgongo na kumwambia si kitu, shangazi, si kitu, usilie. Huku namfariji, hasira inanipanda, maana tangu niugue nilikuwa nimemfariji mume wangu, watoto, majirani, na sasa namfariji aliyeniunguza. Nani angenifariji mimi?

Asubuhi yake nilikodi tuktuk mpaka kliniki. Kila tuta la barabarani nilimhesabia dereva kuwa kosa lake, maskini, wala hakuwa na kosa lolote.

Daktari aliondoa kitambaa nilichojifunika, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani alikuambia ukande?" akauliza kwa ukali.

"Na nani aliniambia nisikande?"

"Mama, hili ni jambo la kawaida. Ngozi baada ya upasuaji huu huwa haina hisia, kwa sababu mishipa ya fahamu imekatwa. Huwezi kuweka kitu cha moto hapo."

"La kawaida kwako wewe. Mimi ziwa langu limekatwa mara moja tu."

Akasema kidonda kikiingia uchafu itabidi mfuko utolewe, na huenda tukaanza yote upya. Aliposema hivyo kitu kilinikatika. Nilikaa wima kitandani, bila hata kukumbuka kujifunika.

"Daktari, ulinieleza ukubwa wa mfuko. Ulinionyesha picha za makovu. Ulinieleza wewe umesomea wapi. Hukuniambia kwamba kifua changu hakitajua moto. Mimi ni mwanamke, napika! Kila siku naegemea jiko, napiga pasi, namimina uji. Ningeweza kujiunguza siku yoyote bila shangazi yangu. Na yeye tangu jana hali, hanywi, anajiona muuaji. Ulishindwa nini kusema maneno mawili?"

Nesi alikuwa amesimama karibu na dirisha na sinia la dawa mkononi. Akasema polepole, "Daktari, kwa kweli huwa hatuwaambii."

Daktari alitazama sakafu. "Samahani, mwalimu," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwalimu. Nilitegemea moyo wangu ungetulia kwa neno hilo. Haukutulia. Nilimwambia, "Nisafishie kidonda."

Kutiwa maji kukasimama. Nikapewa vidonge, na kidonda kikawa kinafungwa na kufunguliwa, kinafungwa na kufunguliwa. Kila kilipofunguliwa nilimtazama nesi usoni kwanza, nijue kama kimeharibika. Nyumbani mume wangu alijifunza kunibadilishia kitambaa. Hakusema tena kuhusu kuutoa mfuko. Siku moja, akiwa anabandika plasta, akaniambia, "Kinakauka pembeni. Inshallah mfuko utabaki." Nilielewa kwamba amekubali uamuzi huu ni wangu, akaacha kubishana nao. Nikamshika mkono.

Shangazi alikuwa hashiki simu. Siku aliyoishika nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mbali.

"Kimepona?" akauliza.

"Kinapona. Njoo unione."

"Mikono yangu naiogopa, mwanangu."

"Shangazi," nikasema, na hasira nikaiacha isikike, "usinifanye nikubembeleze na miye ndiye mgonjwa. Panda feri uje."

Alikuja siku ya pili. Nilimwonyesha zoezi nililopewa kliniki: unasimama karibu na ukuta, unatembeza vidole kwenda juu kama buibui mpaka mkono ukatae, unapumzika, unaendelea. Akasimama ubavuni mwangu, naye akatembeza vidole vyake ukutani, wanawake wawili tunaparamia ukuta wa sebule. Alipoona nimefika usawa wa paji la uso akapiga kigelegele. Mgongo na miguu aliendelea kunikanda, kwa mafuta ya nazi tu, bila moto, akiniuliza mara kumi kama naumia.

Kidonda kilipona, kikaacha alama ya rangi ya kahawia. Tukaanza tena kutia maji. Daktari alikuwa anataka kulipia wakati uliopotea, na mara hiyo ya kwanza nikaona anasukuma sindano zaidi ya kawaida. Kifua kikaanza kunyanyuka kama unga uliotiwa hamira, pumzi zikawa fupi.

"Basi, hapo hapo," nikasema.

"Bado kidogo tu, vumilia. Wenzako wanavumilia."

"Nimesema basi. Hao wenzangu uliwauliza?"

Akaitoa sindano. Tukakubaliana kuanzia siku hiyo nitatiwa nusu ya kiasi, na nitakuja mara nyingi zaidi. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini hilo halikusemwa mwanzo, kama liliwezekana muda wote. Kwa nusu ile kifua bado kilibana, lakini siku ya tatu nilikuwa naweza kucheka, na kupiga chafya nikitaka.

Siku moja kwenye benchi la kliniki alikaa mwanamke mmoja wa bara, anaishi Changamwe, amekuja kutiwa maji kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekumbatia mkoba wake kifuani kama anaogopa kunyang'anywa. Nikamsogelea.

"Dada yangu, samahani kukuingilia," nikamwambia. "Hapo kifuani hutahisi moto. Usikande, usiweke chupa ya maji ya moto, ukipika kaa mbali na sufuria. Na wakikutia maji ukaona yanatosha, sema. Ni mwili wako."

Akaingiza mkono ndani ya blauzi, akajifinya. "Nilidhani ni mimi tu niko hivyo," akasema. "Nikaogopa kuuliza." Tukakaa pale tukazungumza mpaka akaitwa, yeye akiuliza na mimi nikimjibu yale ninayoyajua. Nesi alipita akatusikia, hakutukataza.

Upasuaji wa pili ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa. Mfuko mgumu ukatoka, ziwa laini likaingia. Silo lile la zamani, na asiye nalo asiniambie ni lile lile. Liko juu kidogo kuliko mwenzake. Nikitoka kuoga huwa la baridi, na nikiligusa ni kama nagusa kitu cha jirani. Lakini naswali kwa kusujudu, nalala ubavu, gauni linanikaa.

Nilipokwenda kutolewa nyuzi, daktari alifurahi mno. Alinigeuza upande huu na ule, akafungua mlango akaita kijana mmoja, daktari mwanafunzi, "Njoo uone kazi ilivyotoka."

Nikavuta abaya yangu nikajifunika.

"Ungeniuliza kwanza," nikasema.

Kijana akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi. Daktari akaona haya, nikaona yamempanda mpaka masikioni. "Kweli. Unaruhusu aone?"

"La. Leo siruhusu."

Akamwashiria kijana aende. Nilifunga vifungo vyangu taratibu, cha chini mpaka cha juu, kwa mkono wa kulia, na hakuna aliyenihimiza. Nilimuaga nesi, nikashuka ngazi. Nje, jua lilikuwa kali na mama mmoja alikuwa anauza viazi karai kando ya njia. Nilinunua, nikamwambia azidishe ukwaju, nikavila nimesimama pale pale.